Vigingi vya Kiangazi

Mjukuu wangu Umutoni,

Huku Nyamyumba hatujambo. Shangazi yako amejifungua salama, na babu yako bado anagombana na magoti yake.

Unauliza ufanye nini, maana mkuu wako hapo kwenye kata anapanga mitaro ya mafuriko bila kuwauliza wakazi. Nilikuwa na umri wako siku afisa mmoja alipotuita kwenye umuganda, ile kazi yetu ya pamoja ya Jumamosi. Kilikuwa kiangazi, kijito kimebaki uzi tu, naye alikuwa amepigilia vigingi vya mtaro ukingoni kabisa. Mimi nilijua masika maji hufika kwenye migomba ya mama. Nikaving'oa vyote, nikavipigilia migombani.

"Wewe ni nani?" akauliza.

"Mtu anayelala hapa mvua ikinyesha."

Akavirudisha ukingoni, na watu wakachimba alikotaka yeye. Masika yalipofika mtaro wake ukafukiwa, matope yakaingia hadi ndani kwetu. Akarudi na tope magotini, akaniomba nimwonyeshe ile migomba.

Siku hizi mvua imebadilika, maji yanaipita hata migomba. Kwa hiyo kila masika nawaita watu wa ofisi ya kata yetu waje ikinyesha, wapige vigingi huku wakilowa. Wanalalamika, lakini wanakuja.

Mpeleke mkuu wako mvuani. Akikataa, ng'oa.

Bibi yako, ambaye mikono yake bado ina nguvu