Karani Alipouliza Nimezaa Wangapi

Chumba cha Dobi,
Nyuma ya Kinu cha Kusaga.
Jumapili, tarehe 12.

Mpendwa Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kikohozi ulichokitaja kimekuacha. Sisi huku ni wazima wa mwili. Shangazi anakula vizuri, ila masikio yamezidi kuwa mazito, na Chiriku amerefuka hata magauni yake yote nimeyashusha pindo. Mimi nipo, lakini kichwa changu tangu Jumatatu hakijatulia. Nainuka kufanya jambo, nikifika nimeshalisahau, na Ijumaa niliunguza shati la mteja, kitu ambacho hakijanitokea tangu nianze kushika pasi.

Kisa ni sensa. Sijui kama huko mlisikia kwamba serikali yetu imeamua kutuhesabu sote, kwa mara ya kwanza tangu tupate bendera. Wiki mbili nzima gari la kipaza sauti lilipita mitaani likitueleza, na kila likipita tulielewa kidogo kuliko jana yake.

Walianza kwa kuandika namba kwa chaki milangoni. Muuza mkaa, jirani yetu, aliifuta ya kwake akidhani nyumba itabomolewa. Ikaandikwa tena, akaifuta tena. Mkewe, mwenye mimba ya miezi minane, aliniuliza kama atahesabiwa mtu mmoja au wawili. Nikamwambia wawili, tena kwa kujiamini kabisa. Kumbe mmoja. Fundi saa naye alihesabiwa kwake, kisha akaenda kumsalimia mkwewe, akahesabiwa na huko kwa kuona aibu kukataa.

Sasa Dada, kaa kitako kabla hujasoma yanayofuata. Yanamhusu Chiriku.

Unakumbuka tulivyopatana siku unaondoka, yeye akiwa na miezi mitano, nimembeba mgongoni: mtu yeyote asimwambie kuwa wewe ndiye uliyemzaa, utamwambia mwenyewe ukirudi. Miaka tisa nimeilinda ahadi hiyo. Ananiita Mama, wewe anakuita Mama Mkubwa, na hakuna aliyedanganya, maana ndivyo tunavyoitana. Sikujua kwamba sensa ina maswali ya kuingia ndani kuliko hapo.

Karani alikuja Jumatatu asubuhi, na karani mwenyewe ni mwalimu wa hesabu wa Chiriku. Shule zilifungwa ili walimu wafanye kazi hiyo, kwa hiyo na mtoto alikuwepo, amekaa kwenye ukingo wa meza ya kupigia pasi. Mwalimu alianza vizuri: nani alilala humu usiku wa kuamkia jana, umri, kazi. Shangazi aliulizwa umri wake, akajibu kuwa hajambo. Kisha Mwalimu akanigeukia na kuniuliza watoto niliowazaa mimi mwenyewe ni wangapi.

Nikasema mmoja. Hilo ni kweli, na wewe unajua, kwa kuwa ndiye uliyekaa nami siku zile nne alizoishi. Akauliza wangapi wako hai. Chiriku alikuwa ananitazama mdomoni. Nikasema mmoja.

Sikukusudia, Dada. Nilitaka kuificha siri yako, nikajikuta nimemfufua mwanangu na kukunyang'anya wako, kwa neno moja tu. Na sitakuficha: Mwalimu alipoliandika, nilifurahi. Kisha nikaona haya.

Yangeishia hapo lau si Shangazi. Yeye asiyesikia akiitwa kula, hilo alilisikia. Akasema, kwa sauti iliyofika hadi kinuni, kwamba mtoto huyo ni wa mkubwa wangu aliyeko ng'ambo. Mwalimu akafuta, akaandika, akafuta tena mpaka karatasi ikatoboka. Mimi nikasema Shangazi amechanganyikiwa kwa uzee. Alipoondoka, Chiriku akaniuliza kama Bibi ni mgonjwa, nami nikamjibu ndiyo. Nimemsingizia mzee wa watu.

Alhamisi Mwalimu akarudi. Msimamizi wake ameikataa fomu: mtoto hawezi kuandikiwa mama humu ndani na mama mwingine nje ya nchi. Akaniomba radhi, akasema ataandika lolote nitakalosema na hakuna atakayefuatilia. Hapo ndipo akili iliponiruka kabisa. Nikisema ni wangu, basi yule aliyekufa ni kama hakuwahi kuzaliwa. Nikisema ni wako, nimeivunja ahadi mbele ya mtoto mwenyewe, maana alikuwa amesimama mlangoni, na nilipomtuma dukani alikataa kwenda.

Nikasema, "Nilizaa mmoja, Mwalimu. Aliishi siku nne. Huyu ni wa dada yangu, mimi nimemlea."

Mwalimu akaandika polepole. Chiriku akasogea, akaitazama ile karatasi, akauliza, "Na yule wa siku nne ameandikwa wapi?" Akaonyeshwa kisanduku cha waliofariki, kimeandikwa moja. Alikigusa kwa kidole, kisha akatoka nje.

Tangu hapo ananiuliza habari za yule mtoto tu. Alikuwa na nywele? Alikuwa akilia sana? Amezikwa wapi? Jana alitaka nimpeleke kaburini, nikampeleka. Habari zako hajauliza hata moja. Sijui ni hasira, sijui ni woga, sijui ananionea huruma. Nimemlea mwenyewe na bado simwelewi. Wala sijui kama nilitenda haki au nimekuharibia. Ukinikasirikia sitakulaumu. Ila usimtumie zawadi, wala usimwandikie barua ya kumweleza. Njoo, Dada. Mimi peke yangu siliwezi hili.

Shangazi anakusalimu, na anaapa kuwa yeye hakusema kitu. Muuza mkaa anakusalimu pia. Mkewe alijifungua Ijumaa mtoto wa kike, siku nne baada ya sisi kuhesabiwa. Fundi saa anasema huko uliko uhesabiwe mara moja tu, inatosha. Mungu akupe afya, akufungulie njia, akurudishe kwetu salama.

Nilimuuliza Chiriku salamu zake nimwandikie nani, Mama Mkubwa au mama. Aliwaza mpaka pasi ikapoa mkononi mwangu. Akasema niandike tu kwamba anasalimu.

Ni mimi nikupendaye, hata kama nimekukosea,

Mdogo wako.