Magadi ya Mama Mkwe

Ijumaa, 13 Juni

Kitale ni mvua tu, sabuni zangu hazikauki. Mke wangu Viola amerudi kazini Bungoma, zamu ya wodi. Atapitia Kimilili amwachie mamake kopo la magadi — Jumapili anapikia wageni wa kanisa mboga ya mrenda. Kopo nilifunga mwenyewe. Nilijiona mkwe wa maana.

Jumamosi, 14 Juni

Asubuhi nilimwaga kostiki, ile soda kali ya sabuni, kwa maji nichanganye. Nikagusa ndoo kwa nje. Baridi. Si kawaida — kostiki huchemsha maji bila moto, ndoo haishikiki. Nikachungulia kopo: unga mkavu. Kostiki ikipata hewa hunyonya unyevu, inalowa yenyewe. Nikakamulia ndimu kwa kijiko kimoja. Povu likapanda. Kostiki haitoi povu hivyo. Hii ni magadi.

Kumbe kopo lililoenda Kimilili ndilo la kostiki. Zote nyeupe, zote kwa makopo ya majani chai. Mjinga ni mimi.

Magadi kidogo inafanya mrenda uteleze. Kostiki kidogo inachoma mtu koo.

Simu ya Viola imezimwa. Imebaki namba ya mama mkwe, na sijawahi kumpigia. Heshima ni heshima: mkwe hamkaribii mama mkwe. Nikimwona sokoni mimi hujitosa kwa duka lolote, hata la nguo za wamama. Nikapiga.

— Haro?

Nikasema, mama, ni Wabwile, baba Levi, usipikie ile magadi, ni sumu. Akakata.

Alisikia ama hakusikia? Nimetembea uwanjani kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Baadaye. Khisa, ndugu yake Viola, amenipigia akicheka. Ati mama alisikia, aliona tu haya kunijibu. Na alijua tangu jana! Aliloweka kijiko kimoja kwa sufuria ya alumini, ikaanza kutokota juu ya meza, ikatoa moshi, ikawa nyeusi. Akamwaga yote kwa shimo la choo. Hakumwambia mtu, asimwaibishe mkwe. Alipanga kununua magadi nyingine kimyakimya.

Nimeketi kwa ngazi nikalia kidogo. Hakuna aliyekula. Asante Mungu kwa ile sufuria.

Jumapili, 15 Juni

Niko Kimilili tangu alfajiri, nyuma ya jikoni. Nimeleta sufuria mpya na magadi — hii nimeipima kwa ndimu mara mbili, nikaionja na ulimi. Naandika nikingoja Khisa aje aipokee. Khisa hatokei.

Mama mkwe ameongea kutoka ndani, polepole.

— Baba Levi, jana si uliniongelesha mwenyewe?

Nikasema ndiyo, mama.

— Basi leta hiyo sufuria mwenyewe. Mboga inangoja.

Mlango ameuacha wazi. Naona mkono wake umenyooshwa.