Kompyuta Iliyomwagiwa Bia

Cochabamba, 8 Februari

Bibi Eulogia,

Shikamoo. Natumaini baridi ya Oruro haijakurudishia maumivu ya magoti. Sisi ni wazima, ila mama anachoka, na shule imefunguliwa.

Naifikiria sana kompyuta mpakato ya chama chenu cha wauza viazi. Usiiogope, Bibi. Mfumo endeshi wake wa zamani ulikwisha kuachwa na waliouunda. Huu niliouweka ni mfumo huria: haulipiwi, na hakuna wa kukufungia. Mashine ni ileile, lakini sasa ni kama mpya. Mama Casimira, mnayegombea naye ukatibu wa chama, akisema tena kwamba mwanamke wa miaka sabini hawezi ukatibu, chapa orodha ya wanachama kabla ya uchaguzi wa tarehe 8 Machi, umwekee mbele.

Mjukuu wako,
Nayra

Oruro, 19 Februari

Mjukuu wangu,

Marahaba. Magoti yanauma, lakini yananifikisha sokoni. Mwambie mama yako apumzike.

Sina habari njema. Jumanne ya sikukuu ya Kanivali tulibariki vitu vyetu kama kila mwaka: banda, mizani, magunia. Nikakumbuka umesema kompyuta ni mpya. Kitu kipya hakikai bila kupewa chake. Nikairushia karatasi za rangi, nikaimiminia bia pembe zote nne kwa ajili ya Mama Ardhi, atulindie. Ikatoa moshi, ikazimika.

Casimira alicheka mpaka akakaa chini. "Mwenzangu, umeilewesha mashine ya watu."

Sasa wanasema mfumo wako ndio mbovu. Nimechoka, Nayra. Nitawaachia ukatibu wao.

Bibi yako

Cochabamba, 24 Februari

Bibi,

Shikamoo, na pole. Mama amecheka huku akilia. Kosa ni langu. Nimekulia kwako; nilipaswa kujua kwamba ukiambiwa ni mpya utaimwagia.

Usiache. Kwenye stoo ya chama kuna ile kompyuta kuukuu wanayosema imekufa. Haijakufa, ililemewa na mfumo mzito. Flashi yangu yenye mfumo huria iko kwenye droo yako. Ichomeke, washa huku ukibonyeza kitufe cha F12, chagua flashi, kisha fuata maandishi polepole. Nina mitihani, siwezi kuja. Isingekuwa hivyo, ningekuja.

Nayra

Cochabamba, 6 Machi

Bibi,

Shikamoo. U mzima? Dereva wa basi anayetubebea barua anasema hana bahasha yangu. Uchaguzi ni keshokutwa. Hata kama umeacha, niandikie.

Nayra

Oruro, 12 Machi

Mjukuu wangu,

Mimi mzima, nisamehe kimya. Barua hii naichapa kwa kidole kimoja.

Mashine ya stoo ilinikatalia siku tatu. Nilikuwa nabonyeza baada ya kuiwasha, si wakati wa kuiwasha. Siku ya nne ikakubali. Nilichapa majina yote arobaini na moja, nikayapeleka mkutanoni. Hata hivyo walimchagua Casimira, kwa kura tatu zaidi. Nilirudi nyumbani nikalala bila kula.

Leo asubuhi alikuja bandani na mashine ile, akaiweka juu ya gunia, akasimama tu akipapasa viazi vyangu kama mnunuzi. Mwishowe akasema kompyuta inamwangalia, naye anaiangalia, na hakuna anayeanza.

Nilisogeza mizani pembeni. Kisha nikamwambia, "Vuta kiti, Casimira. Tuanze na kuiwasha."

Bibi yako,
Eulogia