Kijiwe Kinachoaga Kila Mwezi

Shangazi Edina wa gazetini, shikamoo. Naomba msaada, ingawa hapa Tunduma mimi ndiye huombwa, maana ndimi Jairo, mwenyekiti wa kijiwe cha wafunga turubai kwenye foleni ya malori yaendayo Zambia, na cheo hiki sikupewa na serikali, nilijipa mwenyewe nikakiweza, hata mtendaji akitaka foleni inyooke anakuja kwangu kwa adabu, tuna katiba, tuna katibu, mtu akimtukana dereva anatuchotea maji wiki nzima. Shule usiniulize, kidato cha pili kiliniacha nami nikakiacha, ngoma droo.

Tatizo vijana hawakai. Kila mwezi mmoja anaaga, na mimi naaga watu kwa heshima, shangazi, nje ya kanisa huoni kitu kama hicho, namvisha kitenge cha Nakonde, namsomea risala niliyoitunga kwa mkono wangu, watu wazima wanalia, tunambeba juu juu mpaka barabarani, halafu miezi miwili haijaisha namwona huyo anarudi, eti Vwawa hakuna kazi, tunampokea, baadaye anaaga tena. Ezron ameaga mara tatu. Vile vitenge mkewe ameshonea mapazia.

Mwaka huu akaja dada mmoja wa chuo, Erica, anasomea utawala, anatafiti kwa nini wafanyakazi hawadumu kazini na vijiwe kama chetu vinajitawalaje, akakaa nasi siku nne na madodoso yake, nikamjibu mpaka maswali ambayo hakuuliza. Siku tunamuaga Ezron akaninong'oneza, "Mwenyekiti, na hawa wanaobaki huwa mnawaambia nini?" Nikamjibu, "Tunawaambia wavute kamba!" Vijana wakacheka sana. Yeye akaandika tu.

Sasa Osea naye kaaga, na huyu si wa mapazia. Mwisho wa mwezi anarudi Igamba kwenye kahawa ya baba yake. Osea akifunga turubai, sukari inafika Ndola kavu hata mvua ipige njia nzima. Madereva wakishuka hawamuulizi mwenyekiti, wanauliza, "Osea yupo?" na akimaliza wanamshukuru kwa Kibemba chao, natotela, natotela. Mimi sijawahi kumsifu, kichwa kingemvimba, tena katiba yetu haina kifungu cha kumsifu mtu aliye kazini. Akiondoka, madereva watahamia kijiwe cha kule chini na foleni itawafuata, nitabaki mwenyekiti wa kreti la soda ninalokalia.

Nilimfuata nikamwambia, "Oya, Osea, utaniua." Akauliza, "Risala yangu umeshaiandika?" Nikamwambia, "Kurasa mbili, mwanangu, hujawahi kusikia kitu kama kile." Akasema, "Ndiyo hivyo, Jairo. Sijawahi." Akapanda juu ya lori na kamba yake.

Ni kweli nimeiandika, ila sentensi moja nimeifuta, ile inayosema fundo langu la kwanza alinifundisha yeye, maana mwenyekiti hafundishwi. Sasa shangazi, nitunge kifungu cha kumzuia asiondoke, au nifute sherehe zote?

Jairo, Mwenyekiti, Tunduma.

JIBU

Marahaba, mwenyekiti. Umejisifu mpaka nikatafuta miwani nione kama tatizo limo humo ndani. Limo, tena umeliandika mwenyewe bila kulijua.

Wewe unawaaga watu walio hai kama marehemu. Kijana anavuta kamba kwenye mvua mwaka mzima haambiwi hata ahsante, akisema kwaheri anavishwa kitenge na kubebwa juu! Hata mimi ningeaga, mwanangu, na mapazia yangu yamechakaa. Ezron si mtoro, ameisoma katiba yako kuliko wewe. Yule dada wa chuo naye alikupa dawa bure, ukamfanya kichekesho mbele ya vijana wako.

Hicho kifungu cha kumzuia mtu kitupe leo. Kijiwe hakina ukuta wala geti, watu wanakutii kwa sababu wanapenda. Siku utakayomfunga mmoja kama mbuzi, waliobaki wataanza kuangalia njia.

Sherehe usifute, ihamishe siku. Usingoje mwisho wa mwezi. Gazeti hili likikufikia, kesho yake asubuhi, Osea akiwa juu ya lori na kamba mkononi, panda juu ya kreti lako usome risala yote, madereva wasikie. Kitenge mvishe hapo hapo, kisha aendelee kufunga. Tangu siku hiyo kila mwezi msifu mmoja aliyepo, na anayeondoka mpe mkono na nauli njema ya maneno, basi.

Osea anaweza kubaki, anaweza kwenda. Akienda usinune, baba yake alikuwa naye kabla ya hao madereva wako. Ila siku zilizobaki kaa chini yake akufundishe kufunga turubai vizuri, wewe mwenyewe, vijana wakikuona.

Na ile sentensi uliyoifuta, irudishe. Anza nayo. Ukishindwa kuendelea, shuka tu kwenye kreti. Atakuwa ameshasikia.