Wa Viti Mtapewa Mwisho

Migosi, Kisumu
11 Desemba 2024

Baba mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwangu na Kiragu. Goti lako laendeleaje? Sisi hatujambo, ila keki imebaki nusu na nimechoka kuila.

Harusi ilipendeza. Tangu uliponishika mkono kanisani, kila mtu anaisifu suti yako. Hata vinywaji havikupungua. Mathews, yule mhudumu wa baa niliyemkodi, nilimwambia asiye na kadi ya vinywaji asimpe hata maji, hata awe nani, na alishika neno langu barabara.

Lakini Baba, MC alikuita mara tatu uje utubariki, na kiti chako kilikuwa kitupu. Baadaye nikaambiwa umeshapanda gari la kurudi Luanda Kotieno. Mama angekuwa hai ningemuuliza yeye. Sasa nakuuliza wewe: ni kwa sababu Kiragu ni Mkikuyu? Ulisema huna neno. Kama unalo niambie, maana anajiuliza kila siku amekukosea nini.

Ni mimi binti yako,
Winny

Luanda Kotieno
18 Desemba 2024

Nyara Winny, binti yangu,

Barua yako nimeipokea kwa mkono wa Oyugi wa gari la samaki. Hamjambo huko? Goti huniuma asubuhi tu, halafu linazoea. Dagaa wetu wa omena wamekuwa wengi wiki hii, ufuo wote unanuka utajiri. Kuku wako mweupe ametotoa vifaranga tisa.

Kuhusu harusi, nilichoka. Mzee akichoka huenda nyumbani. Kiragu hana kosa. Msalimie, na mama yake pia, umwambie lile koti langu akae nalo tu.

Basi usinichunguze kama polisi.

Baba yako,
Zadock

Migosi, Kisumu
9 Januari 2025

Baba,

Natumai u mzima. Mimi mwili ni mzima, lakini moyo hapana.

Jana mama yake Kiragu, Mama Gakenia, alikuja kutoka dukani kwake Mamboleo na koti lako amelifua. Alipopekua mifuko kabla ya kufua, alikuta kadi yako ya vinywaji. Akanieleza kwamba upepo wa ziwa ulipomshika, wewe ulimvika koti la suti yako, ukamwambia unamletea soda, na hukurudi. Alidhani umekutana na marafiki.

Nikampigia Mathews. Alikumbuka mara moja.

“Kulikuwa na mzee alikuwa anabeba viti na vijana, shati imelowa. Akataka soda na hana kadi. Si ni wewe ulisema bila kadi hakuna? Nikamwambia, mzee, nyinyi wa viti mtapewa mwisho. Akasema yeye ni baba ya bibi harusi. Nikamwambia leo kila mtu ni baba ya bibi harusi.”

Akaniambia watu kwenye foleni walicheka sana, naye akacheka tena kwenye simu.

Baba, nimelia. Amri ile ilikuwa yangu, na bado nikakuandikia mambo ya ukabila. Nisamehe. Nimemwonyesha Kiragu barua yako, na hii yangu pia.

Binti yako,
Winny

Luanda Kotieno
14 Januari 2025

Wanangu Winny na Kiragu,

Nawasalimu. Goti lipo. Vifaranga wamebaki saba, mwewe naye ana watoto.

Ni kweli. Wageni wa kwa kina Kiragu walikuwa wamesimama, nami siwezi kuketi na mgeni amesimama, ndipo nikabeba viti. Niliumia, sitawaficha. Soda ningeweza kuisahau, ila kile kicheko hapana. Jina langu nililisikia mara zote tatu, nikiwa nyuma ya hema. Ningejitokeza, wale wangejua walimcheka nani, na harusi ingegeuka kesi mbele ya wakwe. Nikaona heri niitwe mzee mwenye haraka. Sikujua namwachia Kiragu mzigo wa kujilaumu, na hapo nilikosea.

Mathews mwacheni. Alipewa amri akaitii. Winny alipokuwa mdogo hakutii amri yangu hata moja.

Sasa simameni wote wawili hapo sebuleni, Winny asome kwa sauti. MC aliponiita niwabariki, nilitaka kusema hivi:

Kiragu, huyu akikosea hakubali siku hiyo hiyo. Mpe siku mbili, atakuja mwenyewe.

Winny, kijana huyu alipokuja kwangu mara ya kwanza nilimpa samaki mwenye miiba mingi. Mmoja ulimkwama kooni, machozi yakamtoka, na akaendelea kusifu chakula ili asiniaibishe. Nilimkubali siku hiyo, kabla hajafungua mdomo kuhusu wewe. Lakini mtu wa namna hiyo usimwache anyamaze sana. Muulize, na usipomwamini muulize tena.

Mungu awape nyumba ambayo mgeni hakosi mahali pa kukaa.

Nimemaliza. Ketini.

Baba yenu,
Zadock