Mvua ni ya Mungu, Vigingi ni vya Nani?

Kambi ya Barabara,
Makambako.

Kwa Kaka yangu Elia,

Nakusalimu wewe na wifi, na zaidi mama yetu. Miguu yake inaendeleaje na baridi hii? Mimi, shemeji yako na wapwa zako wawili tuko hai. Naandika neno hilo nikijua uzito wake.

Barua yako niliipata. Umesema kiangazi utamjengea mama nyumba kule chini karibu na kijito, asipande tena mlima na mtungi. Kaka, wewe ni mkubwa wangu na umekaa mahali pa baba. Lakini soma kwanza yaliyotupata, ndipo uchimbe msingi.

Shemeji yako alipoletwa kwenye kazi hii ya barabara, tulikuta nyumba za wafanyakazi zimepimwa kwa vigingi bondeni, upande wa Lyamkena, kando kabisa ya mto. Nyapara alisema bwana wa barabara amepachagua kwa sababu maji yako mlangoni. Mama Anna, Mbena mwenyeji wa hapa anayelima vinyungu, zile bustani za bondeni, alinishika mkono siku ile ile akanionyesha mti. Katika matawi yake, juu ya kichwa changu, yalikuwa yamenasa majani makavu na matope.

"Unadhani ni kiota?" akaniuliza. "Mto ndio uliyaweka. Sisi hapa tunalima, hatulali."

Nikampelekea nyapara habari. Akacheka mbele ya watu. "Mwanamke wa vinyungu atamfundisha bwana kupima?"

Na kumbe waume zetu wenyewe walikuwa wakijaza tuta la barabara kukatisha bonde lile lile, chini kidogo ya kambi, wameweka bomba moja tu la kupitisha mto mzima. Magogo ya miti ya miwati waliyokata yakaachwa kando ya maji. Hasira inanipanda hata sasa ninapoandika.

Basi sisi wanawake tukajipanga. Mahindi na mablanketi tukayapandisha mlimani kwa Mama Anna. Tukapatana kwamba atakayeona maji yanapanda apige debe, na kila mtu akimbie na watoto, asirudi kuchukua hata sufuria. Nyapara akatuita waoga.

Mvua ilipiga siku tatu. Siku ya tatu mchana, wanaume wakiwa kazini, magogo yakaziba bomba na tuta likawa ukuta. Mto ukarudi nyuma, ukatuingilia. Nilipiga debe mpaka mkono ukafa ganzi. Wote wakapanda, isipokuwa Zakaria, yule mtu wa ng'ambo ya mlima wetu, aliyekuwa amelala na homa.

"Baba, twende!" nikamwambia.

"Nyapara amesema mgonjwa asiyekutwa ndani ataandikwa mtoro. Watanifunga, binti yangu. Maji yatapita."

Nilimvuta mkono, akakataa kuinuka. Maji yalikuwa yamefika magotini na mwanangu yuko mgongoni. Nikamwacha. Kaka, nilimwacha. Kesho yake walimkuta amekufa, amebanwa kwenye tuta.

Bwana wa barabara akaja na daftari, na karani wa kumtafsiria. Nyapara akasema, "Ni kazi ya Mungu, bwana." Nikashindwa kunyamaza, ingawa shemeji yako alinivuta khanga.

"Mvua ni ya Mungu," nikasema. "Vigingi vya nyumba hizi ni vya nani?"

Karani akayageuza kwa Kiingereza. Bwana akanitabasamia, akanipa mkono! Hapo nikajua maneno yangu hayakumfikia. Nikaenda mwenyewe hadi kwenye ule mti, nikamwonyesha kwa kidole majani mapya yaliyonasa, kisha yale ya zamani, ambayo yako juu zaidi. Akayatazama. Akafunga daftari, akaondoka.

Juzi wameanza kujenga tena, pale pale. Sisi jamaa saba tumehamia kwa Mama Anna bila ruhusa ya mtu. Waje watuandike watoro.

Kwa hiyo nyumba ya mama isishuke. Waulize wazee kijito kiliwahi kufika wapi, nawe ujenge juu ya hapo. Chimba mfereji upande wa mlima, funga paa kwa kamba imara, kihenge kikae juu ya mawe. Maji wachote wanao, wana miguu mizima. Afadhali mama atulalamikie mlimani kuliko sisi tumlilie bondeni. Kama nimekuwa mkali, nisamehe ukali, lakini maneno uyashike.

Nisalimie wifi, na shangazi aliyenilea, na mzee wa kanisa aliyenifundisha kusoma.

Barua hii anailetea kwenu binamu yetu Yohana. Anayo na nyingine, ya kumpelekea mke wa Zakaria ng'ambo ya mlima. Ofisi imempelekea habari kwamba mumewe alikufa kwa homa. Mimi nimemwandikia alivyokufa, na mahali nilipouachia mkono wake. Mpe Yohana chakula, lakini msimcheleweshe.

Ni mimi dada yako,
Tabitha