Mstari wa Njano Juu ya Kiti Chako

Chumba cha uani, kwa Bi Swabaha,
Kibokoni, Mombasa.
Jumapili, 16 Februari 2025.

Mpendwa mpwa wangu Ngala,

Pokea salamu zangu nyingi, mimi mjomba wako Charo. U hali gani, baba? Umelalaje huko, umeamkaje? Na lile goti uliloumia mwaka jana, sasa linakunjika? Mimi sijambo kwa kiasi changu. Kiuno kinanisumbua na masikio yanavuma kwa kelele za kukata vyuma, lakini nakula na nalala, na mtu anayekula na kulala asilalamike sana.

Nyumbani Bamba wote ni wazima. Jua ni kali na visima vimeshuka, lakini yule mbuzi mweupe wa mama yako amezaa mapacha wakati hata hatukumtarajia. Binti yangu Mirriam anajifunza kushona, na nguo ya kwanza aliyoshona ina mkono mmoja mrefu kuliko mwingine. Mama yake, mke wangu Nyevu, anaivaa vivyo hivyo kwenda kanisani.

Barua hii utaipata mkononi kwa Lennox, mwenzako wa kambini, aliyekuja Mombasa na wale waliotumwa kupokea magari. Nilimsikia akiongea Kigiriama kwenye geti la yadi yetu nikamuuliza kama anakujua. Akacheka, akasema mnalala hema moja. Nikamwambia nina neno la mpwa wangu, na si neno la simu. Simu yenyewe kwako haishiki, na ikishika inakatika kabla hatujamaliza kusalimiana.

Nianze na lililo zito. Mwezi uliopita mama yako alinipigia akilia. Tangu rafiki yako Khubaib avunjike kiuno kwa lile bomu la barabarani, dada yangu Dama hapati usingizi. Ameambiwa kwamba wiki chache zijazo mnarudi doria kwenye barabara ile ile. Aliniambia hivi: "Kaka, wewe ndiye mjomba wake. Neno la mjomba kwetu halirudishwi nyuma. Mwandikie umkataze. Mwambie aache jeshi arudi tulime."

Alisema kweli. Wewe unajua, na mimi najua. Nikikuandikia acha, utaacha, hata kama moyo wako hautaki. Ndiyo maana nilikaa mwezi mzima bila kuandika. Neno lisiloweza kurudi halitamkwi kwa haraka. Sasa nimelipata, lakini kwanza nikueleze lilivyopatikana.

Mimi bado ni kibarua Shimanzi, kwenye yadi moja ya malori. Natoka Kibokoni baada ya kumtekea mwenye nyumba wangu, Bi Swabaha, maji, napita Ndia Kuu maduka hayajafunguliwa, nafika yadi jasho limeshalowa shati. Tangu Novemba wameleta pale magari ya deraya ya Kimarekani, manne, yaongezewe vifaa vipya kabla ya kupelekwa kwenu. Usiogope, sikuandikii siri. Haya ninayokueleza utayaona mwenyewe siku utakayofungua mlango.

Ngala, nimebeba mizigo ya kila aina kwa miaka kumi na tisa, lakini sijawahi kuona chuma kilichofikiriwa namna ile. Kwanza tumbo lake. Halikulala bapa kama la lori. Limechongoka katikati kama paa la nyumba lililopinduliwa. Paa la makuti linamwaga maji pembeni, na hili nalo, bomu likilipuka chini, linaumwaga ule moto pembeni badala ya kuupokea tumboni. Wameliongezea bamba jingine la chuma chini yake. Tulilibeba watu sita, na mimi nilikuwa kona ya nyuma, ndiyo maana kiuno kinalia.

Ubavuni tumelifungia vyuma vya nondo vilivyopangwa kama chanja cha kukaushia samaki. Kombora likija linanasa kwenye chanja na kupasuka huko nje kabla halijagusa ngozi ya gari. Vioo ni vinene kama tofali. Magurudumu yakitobolewa yanaendelea kutembea. Na mpiga bunduki hatoi tena kichwa nje juu ya paa. Anakaa ndani, anatazama kioo kama cha televisheni, na bunduki iliyo juu inageuka atakavyo. Nilipooneshwa nilisema, basi hata kofia yake haitapata vumbi.

Lakini lililonigusa ni viti. Lennox ameniambia kwamba kwenye gari lenu la zamani viti vimefungwa sakafuni. Bomu lilipoipiga sakafu, sakafu ikampiga Khubaib. Haya mapya viti havigusi sakafu hata kidogo. Vinaning'inia kutoka darini kwa mikanda. Umeiona susu ya bibi yako, ile ya kamba iliyoning'inia jikoni na chungu cha mboga ndani yake? Ng'ombe akiingia jikoni, akipiga teke jiko na mafiga, chungu kilicho kwenye susu kinayumba tu, hakimwagi. Basi na wewe utakaa kwenye susu.

Kazi ya kuvifunga hivyo viti ni ya mafundi. Mimi kazi yangu ilikuwa ndogo. Kila kiti kinashikwa darini na boliti nne. Fundi akishakaza, mimi napita na kopo la rangi ya njano na brashi nyembamba, napiga mstari mmoja kutoka kwenye kichwa cha boliti hadi kwenye chuma cha dari. Boliti ikilegea hata kidogo kwa mtikisiko wa njia, mstari unakatika, na mtu anaona kwa macho kwamba imegeuka. Kazi hiyo alinipa yule Mmarekani anayesimamia. Sisi tunamwita Bwana Spana, kwa sababu spana yake haiweki chini hata akinywa chai.

Sasa, unajua nilivyokuwa kabla ya kuja mjini. Miaka ile yote ya kuangua nazi juu ya minazi imeniachia tabia. Siwezi kupita kitu bila kukigonga. Nazi iliyokomaa inalia kavu, dafu linalia zito, na iliyooza ndani hailii, inakohoa. Basi na kwenye magari kila boliti niliigonga kwa nyundo ndogo kabla ya kuipaka. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo. Mafundi walinicheka kila siku. "Mzee Charo, umepata dafu humo? Tuletee na sisi!" Nikawa nawajibu, "La kwenu limeoza, subirini msimu."

Gari la kwanza zote zililia ti. La pili zote zililia ti. Jumatano ya wiki iliyopita nikaingia gari la tatu, nikagonga kiti cha kwanza, cha pili, safi. Kiti cha tatu, boliti ya kwanza ikakohoa.

Nikaigonga tena. Ikakohoa tena. Nikaweka brashi chini.

Msimamizi wetu, Kamaludin, ni mtu wa hapa hapa Kibokoni, mstaarabu, mwenye maneno matamu, lakini siku hiyo alikuwa ameshikwa na haraka. Malori ya kuyabeba magari yalikuwa yameshafika getini, na madereva wanapiga honi. Alichungulia mlangoni akasema, "Yakhe Charo, mbona umesimama? Paka rangi twende."

Nikamwambia, "Hii sipaki. Haikushika."

Akamwita fundi aliyeifunga. Fundi akapanda, akaitia spana namba kumi na tisa, ikakaa sawasawa, akaivuta, haikugeuka. "Imekaza hii! Huyu mzee anasikiliza chuma kama mganga."

Kamaludin akanishika bega. "Sikiza, ndugu yangu. Hili ni gari la vita, si mnazi wa Bamba. Fundi amesema imekaza. Weye kazi yako ni rangi. Usinitie aibuni mbele za watu."

Ngala, sitakudanganya. Niliogopa. Kibarua hana barua ya kazi. Anaambiwa kesho usije, na habari imeisha. Mkono wangu ulikuwa umeshaichukua brashi. Lakini nikatazama kile kiti, nikakuona wewe umekaa pale, na goti lako. Nikasema, "Kamaludin, mpwa wangu atakaa hapa. Ukitaka nifukuze, lakini mstari wangu sitautia kwenye uongo."

Akafanya jambo ambalo sitalisahau, mtu yule. Akatoka kwenda getini, akawaambia madereva wazime injini, akaenda mwenyewe kumwita Bwana Spana.

Mmarekani alipanda. Akachukua nyundo yangu, akagonga boliti ya kiti cha pili, ti. Akagonga ile yangu. Akanitazama. Akaifungua kwa spana nusu mzunguko, halafu akaimalizia kwa vidole, na ikatoka na unga wa chuma kwenye meno yake. Akaipima kwa kipimo chake.

Kumbe sanduku alilopewa fundi yule, la boliti zilizokuja na magari, za vipimo vya inchi, lilikuwa limekwisha kwenye kiti cha pili. Fundi akatia mkono kwenye sanduku lake mwenyewe, akatoa za milimita, zile anazofungia malori ya Kijapani miaka ishirini sasa. Spana ni ile ile, kumi na tisa inaziingia zote mbili, na kwa macho ni ndugu mapacha. Lakini ya milimita ni nyembamba kidogo. Inaingia, inashika kwa ncha za meno tu, inakudanganya kwamba imekaza. Siku ya bomu ingeng'oka, na susu ingeanguka na chungu chake. Jina la fundi silitaji. Ana watoto, na hakufanya kwa ubaya. Alilia pale pale.

Zilipatikana kumi na mbili gari la tatu, na nne gari la nne, maana viti vingine vilifungwa na mafundi wenzake waliokuwa bado na za inchi. Malori yakarudi matupu. Tulingoja siku mbili mpaka boliti za inchi zikaletwa, na viti vyote vikafungwa upya, fundi yule yule akiwa wa kwanza kufika na wa mwisho kutoka.

Bwana Spana alisema kitu, na Kamaludin akanitafsiria: "Anauliza ulisomea wapi."

Nikasema, "Mwambie darasa la sita, Bamba. Halafu juu ya minazi."

Yadi nzima ilicheka, na Mmarekani alipoelezwa akacheka kuliko wote. Akaamuru kuanzia siku hiyo hakuna boliti ya kiti kupakwa rangi kabla sijaigonga. Kamaludin naye sasa ananitangaza barazani huku Kibokoni kama mimi ni binamu yake. "Huyu ndiye Charo! Asikiaye chuma!" Mpwa wangu, nimechoka miaka mingi katika mji huu bila mtu kuniuliza najua nini. Wiki hii nimetembea Ndia Kuu kichwa juu.

Jana nilimpigia mama yako nikamweleza yote, tumbo, chanja, susu na ile boliti. Akaniuliza, "Hiyo susu, umeifunga wewe?"

Nikamwambia, "Nimeigonga mimi. Moja moja, zote."

Akasema, "Basi mwandikie unavyoona wewe." Halafu akalia, lakini si kile kilio cha mwanzo.

Sasa hili ndilo neno langu la ujomba, na halitarudi nyuma. Sikukatazi kwenda. Kazi uliyoichagua ni ya heshima, na mimi nayajua magari yatakayokubeba kuliko ninavyozijua nyumba nyingi nilizolala. Lakini sikwambii kwamba gari ni hirizi. Chuma kinalegea, na njia zenu ni mbaya. Kwa hiyo nakufunga hivi: kabla ya kukaa, kila siku, inua macho juu ya kiti chako na vya wenzako. Ukikuta mstari wa njano mzima, gonga, kaa. Ukikuta umekatika, usikae, na usimkubalie mtu yeyote akwambie twende, hata awe mkubwa wako na malori yapige honi mpaka jioni. Mwambie mjomba amekataza.

Kwenye kitambaa nilichompa Lennox kuna nyundo yangu ndogo. Mimi nitanunua nyingine. Ndani yake nimefunga pia boliti moja ya milimita. Iweke mfukoni, uwaoneshe wenzako uongo unavyofanana na ukweli.

Nisalimie Lennox, na umfikishie Khubaib pole zangu akitoka hospitali. Nyevu na Mirriam wanakusalimu. Bi Swabaha anasema ukipata likizo upitie hapa kwanza, atakupikia mahamri na mbaazi, na Kamaludin anasema atakuja kuyala pia. Mama yako Dama nimeshamwambia barua imetoka mkononi mwangu.

Mulungu akuweke kama chungu kwenye susu, nyumba ikitikisika usimwagike.

Ni mimi mjomba wako nikupendaye,
Charo Kavumbi.

Gari la tatu, kiti cha tatu kutoka mlangoni, upande wa kushoto. Mstari wa pale ni mnene kidogo kuliko mingine. Niliupaka mara mbili. Kaa hapo.